Mdogo Wangu Kanifungia Stoo, Pasi Inawaka

Mlango ulijibamiza nyuma yangu... ka!

Giza likaniangukia. Halafu nikasikia mlango wa mbele nao unafungwa, na viatu vya mdogo wangu vinashuka ngazi, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Jamani. Nimefungiwa stoo, ndani ya duka langu mwenyewe, na pasi ya moto nimeiacha mezani juu ya gauni la bibi harusi. Harusi ni kesho.

Ngoja niwaeleze nilifikaje humo, maana najua mtauliza.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wananiita Leoleo, kwa sababu ukiniletea kitambaa nakwambia njoo leoleo. Simu yangu haijawahi kuita mara mbili. Chai naipasha, naisahau, naipasha tena, mwisho namwaga. Nikisukwa nywele nakaa na pindo la mtu mkononi.

Mdogo wangu ndiye fundi wangu wa pili. Tumbo moja, lakini tabia mbingu na ardhi. Kila mchana mwenzangu anaingia stoo, anafunga mlango, anakalia mto wake wa zamani, anafumba macho na kupumua. Basi. Hasali, halali, anapumua tu.

Nilimuuliza kama kuna mahali nimemwajiri kupumua.

"Dada, nikitulia kidogo ndiyo nakumbuka nimeacha nini wapi," akanijibu. "Na wewe ungejaribu."

Nikamwambia mimi nitatulia kaburini.

Asubuhi ya siku hiyo nikaona dawa yake ni moja. Nikachukua bisibisi, simu nimeibana kwa bega naongea na bibi harusi, nikaung'oa mkono wa kitasa cha stoo. Ule wa ndani. Wa nje ukabaki, ndani kikabaki kichuma kifupi tu ambacho vidole haviwezi kukizungusha. Nikasema tuone sasa nani atajifungia humo kupumua.

Mchana akaenda stoo kama kawaida yake, akauona ule mlango. Hakupiga kelele. Alirudi akaanza kupanga mikasi yake kwenye mkoba.

"Dada, mlango usiofunguka kwa ndani si wa stoo tena," alisema. "Huo ni wa jela. Mimi naondoka."

Nikamjibu njia anaijua. Kisha nikaiacha pasi palepale juu ya gauni, nikaingia stoo kutafuta lesi. Lesi yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilipekuapekua humo kwa muda, sikutaka tu aone uso wangu.

Ndipo mlango ukajibamiza.

Wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba kanifungia makusudi. Juzi tu nilimsikia mama wa bibi harusi akimwomba mdogo wangu namba yake ya simu. Nikaunganisha. Huyu anataka gauni liungue, mimi niaibike, wateja wahamie kwake. Damu yangu mwenyewe!

Nikaupiga mlango kwa ngumi. Nikaita jina lake, nikamwita na majina mengine ambayo mama yetu asingependa kuyasikia. Nikajaribu kile kichuma kwa vidole mpaka kucha ikakatika. Stoo haina dirisha, na taa yake iliungua zamani, nikawa kila siku nasema nitaweka nyingine leoleo.

Huko nje simu ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Kama mnavyonijua, kuiacha simu iite kwangu ni kama kuacha mtoto analia.

Halafu nikaisikia... harufu ya kuungua.

Pumzi ikawa inaishia kooni, kifua hakifunguki, kuta nazihisi zinanisogelea. Nikajua nafia humu, katikati ya majora ya vitambaa, na watu watasema Leoleo kafa leoleo.

Nikarudi kinyumenyume, nikajikwaa. Nikaanguka kwa makalio juu ya ule mto wa mdogo wangu.

Sikukaa kwa kupenda, muelewe. Nilikaa kwa kukosa la kufanya. Na kwa kukosa la kufanya nikakumbuka maneno yake: vuta polepole, toa polepole zaidi. Wazo likija usigombane nalo, ni mpita njia.

Nikavuta. Nikatoa.

Mawazo yalikuja kwa foleni kama wateja wa mkesha wa sikukuu. Zipu ya huyu, kola ya yule, bibi harusi analia. Nikayaacha yapite. Mwanzoni nilijiona mjinga kweli.

Kisha kifua kikalegea. Nikasikia moyo wangu unavyodunda, na sikumbuki mara ya mwisho niliusikia lini. Nikanusa tena. Harufu ya chaki. Harufu ya pamba mpya. Ya kuungua haikuwepo kabisa. Ile niliipika mwenyewe kichwani.

Na chini ya utulivu huo likanipata lile nililokuwa nalikimbia. Mdogo wangu kaondoka, na niliyemfukuza ni mimi. Nikalia, sikujizuia.

Nikiwa nalia nikahisi kitu kigumu kinanichoma pajani. Kilikuwa kinanichoma tangu nikae. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni, katikati ya futi na chaki.

Mkono wa kitasa.

Jamani! Muda wote ule nimeuvaa! Asubuhi niliung'oa nikiwa kwenye simu, nikautumbukiza mfukoni bila hata kuuangalia. Ningeapa kuwa nimeutupa kwenye droo.

Nikaupachika kwenye kichuma, nikazungusha. Mlango ukafunguka bila kelele.

Pasi ilikuwa imesimamishwa, imechomolewa kwenye umeme, imeshapoa. Gauni lilikuwa kwenye henga, jeupe, halina hata alama. Mdogo wangu aliniaga kwa hasira, lakini kabla ya kutoka aliyapitia niliyoyaacha, kama anavyofanya kila siku bila mimi kujua.

Nilikuwa huru. Lakini miguu ilinirudisha stoo, nikakaa tena kwenye mto, mlango wazi.

Mdogo wangu alinikuta hapo. Aliingia anahema, mkoba bado begani.

"Nimekupigia hupokei!" alisema. "Wewe? Usipokee simu? Nikajua kuna jambo."

"Huo mlango..."

"Nilipofungua wa mbele upepo ukaingia, nikausikia unajibamiza. Nikadhani umenibamizia kwa hasira, kama kawaida yako."

Kisha akaziona ngumi zangu zilivyochubuka. Akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, nani kakufungia?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja. Sikumpata.

"Mimi," nikamwambia.

Alinishika mikono, tukapumua pamoja, na simu ikaita tena huko nje. Hakuna aliyeinuka.

Wasomaji wangu, msiniletee ile methali ya haraka. Naijua tangu darasa la kwanza na haikunisaidia. Mimi nawaambia hivi tu: kabla hujamtafuta aliyekufungia, kaa chini kwanza, tulia, halafu upapase mfuko wako.

Mkono wa kitasa nimeurudisha mahali pake. Na mito stoo sasa ni miwili.