Mafuta ya Cherehani

"Hebu sikiliza! Sikiliza mwenyewe, Aber! Huu ni muziki au ni ng'ombe anazaa?"

Mugweri alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya santuri, mkono mmoja kichwani. Santuri ilizunguka kwa uvivu, ikasita, ikazunguka tena. Sauti ya mwimbaji ilivutika kama ya mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Alipoigusa kwa vidole ili aikwaruze, kila kitu kilisimama, na hakikuanza tena.

"Jumapili niliiacha ikiimba. Leo Jumanne imekufa. Kuna mtu aliingia humu?"

"Hakuna," Aber alisema kwa sauti ndogo.

Na kweli, hakuna aliyeingia. Aliyeigusa alikuwa humu humu siku zote.

"Basi ni Faruk. Faruk ameniuzia maiti!"

Aber alishika ukingo wa meza ya cherehani, akanyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko kitu chochote. Alikuwa binti wa Afande Ocen, askari jela wa Mbale, Mwacholi. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, akajifunza kushona, na sasa alikuwa na chumba chake kidogo cha ushonaji huko Namatala, pembeni mwa mji. Wateja walimzoea: ukimuuliza bei anaandika kwa chaki, ukimsifu anainama kutafuta uzi.

Mugweri alikuwa Msoga wa Buwenge, mpiga kanda katika ukumbi mmoja wa dansi mjini. Lakini kanda zilimchosha. Alitaka kuishika santuri kwa mkono, aisukume na kuivuta mpaka ilie, kama vijana wa ng'ambo aliowaona kwenye video. Kwa hiyo wiki mbili nyuma walikwenda pamoja hadi Jinja, mtaa wa Nalufenya, kwa rafiki yake Faruk, muuza redio na pasi zilizotumika. Wanaume waliingia ndani kuikagua mashine. Aber aliona haya, akabaki nje kwenye benchi na kikombe cha chai. Hakusikia Faruk alichokuwa akieleza.

"Hii si ya mabingwa," Faruk alisema kule ndani. "Za mabingwa mota inazungusha sahani yenyewe. Hii inavutwa na mkanda wa mpira, umejificha chini. Ukiikandamiza itagoma. Lakini kwa mtu anayejifunza, inatosha. Ishike polepole, bwana."

Waliifunga kwa Aber, kwa sababu chumba cha Mugweri hakikuwa na umeme. Mugweri alisogeza kile chuma cha uzito kilicho nyuma ya mkono wa sindano mpaka mkono ukaelea sawa. Alibandika sarafu ya zamani, isiyonunua hata peremende, juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke. Akafunga waya mwembamba wa mashine kwenye amplifaya, mngurumo wa spika ukakoma. Likabaki tatizo moja: santuri iling'ang'ania mpira uliotandikwa juu ya sahani. Ukiizuia santuri, sahani nayo inazuilika.

Aber alitazama kwa muda. Bila neno, akachukua kofia kuukuu ya pama, akakata duara, akalitia wanga wa muhogo, akalipiga pasi, akalitandika mahali pa ule mpira. Santuri ikateleza. Juu mkono umeizuia, chini sahani inakwenda zake.

"Aber! Kumbe wewe ndiye fundi! Mimi mpiga kelele tu!"

Sifa hiyo ilimlewesha. Kwa hiyo Mugweri alipokwenda Buwenge kumjulisha mjomba wake habari za posa ya Jumamosi, Aber alitaka kusifiwa tena. Jumatatu asubuhi aliitia cherehani yake mafuta kama kila siku, tone katika kila tundu. Kisha akaitazama mashine ya mchumba wake. Akainua kile kitambaa. Sahani ilikuwa na matundu mawili.

Kila cherehani ina matundu ya mafuta. Na hii ni mashine, si mashine?

Akatia matone matatu kila tundu. Na kwa mapenzi, akaongeza mengine.

Sasa Mugweri alikuwa anavaa viatu kwa hasira.

"Twende posta. Nampigia simu sasa hivi."

"Mugweri, labda..."

"Labda nini?"

"Hakuna."

Posta palikuwa na foleni. Zamu yao ilipofika, Mugweri alilishika lile dude la simu kama anayetaka kulinyonga.

"Faruk! Umeniuzia kitu kibovu!"

"Salamu kwanza, bwana." Sauti ya Faruk ilisikika mpaka alipokuwa Aber.

"Salamu gani na wewe ni mwizi?"



"Mugweri. Rudia neno hilo."

"Mwizi!"

"Sawa, nimesikia. Lete mashine, uchukue pesa zako. Na Jumamosi tafuta kinywa kingine. Mwizi hawezi kusimama mbele ya askari jela kuomba binti wa watu."

Simu ikakatwa.

Faruk ndiye aliyekuwa mshenga wao. Baba alikuwa amepewa uhamisho kwenda Lira, na maneno yake yalikuwa mafupi: wazee wa kijana waje kabla vitanda havijapakiwa kwenye lori, la sivyo binti anapanda lori pamoja na vitanda. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Na mazungumzo yangekuwa kwa Kiswahili, maana Mwacholi na Msoga hawana lugha nyingine ya kukutania. Kiswahili cha Mugweri kilichechemea. Cha mjomba wake hakikuwepo kabisa. Faruk ndiye aliyekuwa na ulimi wa samli.

"Umeona?" Mugweri alisema wakitoka nje. "Mwizi akibanwa anajifanya mcha Mungu."

"Na Jumamosi?"

"Nitasema mwenyewe."

"Wewe? Mbele ya baba?"

Mugweri alikuna kichwa.

Alasiri, alipobaki peke yake, Aber alifunga mlango. Akaondoa kitambaa, akashika sahani kwa vidole viwili, akainyanyua.

Mkanda.

Ulikuwa mwembamba, mweusi, unang'aa kwa mafuta kama kambare aliyetoka majini. Aliujua mkanda. Cherehani yake ya miguu ilikuwa nao, wa ngozi, na fundi aliyemfundisha kushona alimzaba kofi siku alipoudondoshea mafuta. "Mkanda haunywi mafuta! Ukinywa unateleza!" Laiti angejua kuwa humu pia mna mkanda!

Aliuosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mara mbili. Akafuta ukingo wa sahani kwa spiriti, akasubiri vikauke, akavirudisha. Santuri ikaimba kama mwanzo.

Jumatano asubuhi Mugweri aliingia na uso wa msiba. Akaweka sindano, akasubiri. Akainua macho. Akaisukuma santuri mbele, akaivuta nyuma. Chika-chika, chika-chika!

"Imepona! Banange, jamani, imepona! Unaona? Jana niliigombeza, imeogopa!"

Aber alicheka kidogo, kisha akasema, "Basi mpigie Faruk."

"Nimwambie nini? Aliuza kibovu, Mungu ameninyooshea. Yeye ndiye aje kwangu."

"Lakini Jumamosi..."

"Aje kwangu, nimesema."

Aber aliitazama mikono yake. Alikuwa amedhani akiisafisha mashine, mambo yote yatasafika. Kumbe kilichovunjika kilikuwa bado kimelala Jinja, na hakuna sabuni ya kukifikia huko.

"Mugweri, zima muziki."

"Ngoja, hapa ndipo..."

"Zima."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Mugweri alizima.

"Faruk si mwizi. Ni mimi. Nilitia mafuta ya cherehani kwenye yale matundu. Yakaingia kwenye mkanda. Jana nimeuosha. Ndiyo maana imepona."

Mugweri alikaa kwenye benchi la wateja.

"Kwa hiyo jana, pale posta, ulijua?"

"Nilijua nimetia mafuta. Sikujua kama mafuta yanaua."

"Ungesema hivyo tu, Aber."

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Na sasa mjinga nani? Mimi nimemwita mtu mwizi, watu wa foleni nzima wanasikia." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Bora ungeivunja kabisa kuliko kuniacha nitukane."

"Najua."

"Faruk alinipa sehemu ya kulala mwaka mzima pale Jinja. Nitamwangaliaje?"

"Nitampigia mimi."

Mugweri alimkazia macho.

"Wewe? Wewe hata muuza nyanya unamwonyesha kwa kidole."

"Nitampigia."

Foleni ya posta ilikuwa ndefu kuliko ya jana. Nyuma ya Aber alisimama polisi mmoja mnene, na nyuma yake akina mama watatu waliotoka sokoni. Mugweri alibaki mlangoni. Aber alishika simu kwa mikono miwili.

"Kaka Faruk, shikamoo. Ni Aber."

"Nani?"

"Aber. Wa Mugweri."

"Dada, sikusikii! Hapa wanashusha mabati! Sema kwa nguvu!"

"Mashine ilikuwa nzima. Mimi ndiye..."

"Wewe ndiye nini?"

Aber alifumba macho.

"NI MIMI NILIYEIHARIBU! NILITIA MAFUTA YA CHEREHANI! WEWE SI MWIZI!"

Karani aliacha kugonga mihuri. Polisi mnene akasema taratibu, "Basi, dada, amesikia. Hata Kampala wamesikia."

Kule Jinja, Faruk alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mafuta ya cherehani! Kwenye mkanda! Ya Rabi! Na umeutoaje?"

"Sabuni na maji ya vuguvugu."

"Vizuri. Ukitaka kazi, njoo dukani kwangu." Kisha sauti yake ikatulia. "Dada Aber, wewe sina neno nawe. Lakini wewe hukuniita mwizi. Aliyeniita yuko wapi?"

"Yuko mlangoni."

"Mpe simu."

Mugweri alikuja akitazama saruji. Alichukua simu, akaugeukia ukuta, na Aber hakusikia yote. Alisikia "nisamehe". Akasikia "hapana, kosa ni langu, yeye alitia mafuta tu, mdomo ni wangu". Na mwisho, "Sawa. Sawa, bwana. Sawa."

"Amesemaje?"

"Hajasema kama anakuja." Mugweri alirudisha simu mahali pake. "Amesema atalala, aamke, aulize moyo wake."

Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Kwenye nyumba za askari jela, mama yake Aber alianza kufunga vyombo kwa magazeti. Aber alishona sare za shule bila kuona anachoshona.

Jumamosi saa nane mchana, Mugweri na mjomba wake walifika wakiwa wamevaa makoti. Wawili tu. Afande Ocen aliwakaribisha viti, akakaa, akasubiri. Mugweri alifungua mdomo, akaufunga. Mjomba alitabasamu kwa Kisoga. Aber, nyuma ya pazia, alihesabu misumari ya mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Faruk aliingia na kanzu nyeupe, jasho linamtiririka.

"Samahani, afande. Gari limeharibika, likanilaza Iganga. Lakini mimi ndiye mdomo wa watu hawa, na bila mdomo mtu hali."

Akaanza. Alisalimia mpaka mababu wa mababu. Alieleza ukoo, shamba, na kazi ya muziki. Afande alisikiliza bila kupepesa. Mwisho akainua kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe Faruk, mimi naona wewe najua kusema. Sasa sema ukweli. Hii kijana iko na hasira?"

Mugweri alikauka kitini. Faruk alipangusa jasho, hakuharakisha.

"Anayo, afande. Wiki hii hii ameniita mwizi kwenye simu, bure kabisa."

"Aah! Na wewe nakuja kumuombea mke?"

"Nakuja, kwa sababu kesho yake binti yako alinipigia. Akasema mbele ya posta nzima kwamba kosa ni lake. Kisha na kijana akashika simu, akasema hapana, ni langu. Wanagombania kosa kama watu wanaogombania nyama! Nililala siku mbili nikifikiri. Nikaona, hawa niwaache waoane."

Afande Ocen alivua kofia. Akaishika magotini.

"Miaka ishirini na mbili mimi nafunga watu," alisema polepole. "Jela imejaa. Uliza moja moja: nani naua, nani naiba? Yote nasema, 'Si mimi, afande. Ni mwingine.' Mimi sijasikia hata moja nasema, 'Ni mimi.' Aber!"

Aber alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti.

"Wewe nasema hivyo? Posta? Watu nasikia?"

"Ndiyo, baba."

"Na hii kijana, wewe nataka?"

Siku zote angeitikia kwa kichwa. Safari hii aliinua uso.

"Namtaka, baba."

Afande alimgeukia mkewe, akasema kwa Kiacholi. "Lete chai. Kitanda cha huyu usifunge. Atabaki kwa shangazi yake hapa mpaka siku ya kanisa."

Jioni, jua la magharibi likiupaka rangi mlima wa Wanale, Aber alimsindikiza Mugweri mpaka getini. Faruk na mjomba walitangulia, mmoja akiongea, mwingine akiitikia asichokielewa.

"Aber," Mugweri alisema, "kuna jambo lingine umenificha? Sema leo, tumalize."

Aber alifikiri.

"Lipo moja."

"Lipi?"

"Ile kukwaruzakwaruza santuri. Mimi siipendi. Napenda wimbo uende mpaka mwisho."

Mugweri alisimama, mdomo wazi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alimtazama mchumba wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka askari wa getini akageuka.

"Haya," alisema, akimshika mkono. "Nyumbani kwetu, nyimbo zitakwenda mpaka mwisho."