Saa ya Jikoni

"Kunguru, mashine yako imekataa ufunguo. Mara ya tatu."

Sauti ya Melkizedek, Mkuu wa upelelezi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Land Rover ilikuwa imeshapita lango la hifadhi, Lodoare, ikikata kona ndani ya ukungu.

"Nakaribia, Mkuu."

"Pembe zinatoka leo. Bila hiyo mashine sisi viziwi. Iwashe."

Redio ikanyamaza.

Aikande, Kunguru kwa jina la kazi, alikanyaga mafuta. Alikuwa na bastola ya Beretta chini ya koti la fundi wa simu, na jina moja lililomnyima usingizi.

Moloimet.

Mlinzi wa usiku wa hoteli aliyokuwa akiiendea. Wiki iliyopita seva ya simu za hoteli, ile mashine ya programu huria aliyoifunga Aikande mwenyewe ili kusikiliza, ilionyesha mtu ameipigia namba ya wauza pembe za faru; sauti haikurekodiwa. Simu ilitoka mapokezi, 02:10.

Saa nane usiku. Na usiku mapokezi alikaa Moloimet peke yake.

Aikande alimtia pingu kwa mikono yake, njiani, mbali na hoteli, akiwa amefunika uso. Mlinzi hakubishana. Alisema tu, "Mwanangu anatahiriwa Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa imepita. Moloimet alikuwa bado mahabusu, kituo cha polisi cha Wasso.

Aliingilia mlango wa nyuma wa hoteli.

"Shikamoo, mama Mwamini."

"Marahaba, fundi!" Mpishi mkuu alicheka, mwiko mkononi. "Mashine yenu inalala kuliko paka wangu. Chai ipo."

Seva ilikuwa stoo, mlango ukitazama jikoni. Aikande akapiga magoti. Waya, nzima. Dishi la setilaiti, taa ya kijani. Akaizima, akaiwasha. Akaandika ufunguo, zile namba za siri zilizotumwa kutoka Arusha.

IMEKATALIWA.

Akafungua faili la makosa. Ufunguo huu bado haujaanza kutumika.

Bado? Umetengenezwa asubuhi hii!

Akatazama saa ya seva. 03:25. Kwa seva, ilikuwa bado usiku.

Casio yake ya mkononi ilisema 9:25.

Akainua macho taratibu. Saa ya ukutani jikoni: mshale mfupi ulikuwa umepita tatu kidogo.

"Mama, saa yenu hii..."

"Ya kwetu hiyo! Ikiwa saa tatu, mshale kwenye tatu. Mzungu mmoja aliifuata, akaachwa na gari."

Aikande hakucheka. Siku alipoifunga seva, mikono yake ilijaa nyaya. Seva ikauliza saa. Akatupa jicho ukutani, akanakili.

Basi ile 02:10 haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Asubuhi anakaa nani mapokezi?"

"Meneja, Godson. Moloimet alikuwa akishakunywa uji wake hapa alfajiri, anaenda zake."

Aikande akageukia seva.

Akarekebisha saa. Akaandika ufunguo upya.

IMEKUBALIWA.

Akavaa vipokea sauti. Laini ya mapokezi ilikuwa tayari na mtu. Godson.

"...ndani ya tairi la spea. Land Cruiser nyeupe. Imetoka sasa hivi."

Aikande akabonyeza redio. "Lango, Kunguru hapa. Land Cruiser nyeupe. Pasueni tairi la spea."

"Ujumbe umefika, Kunguru."

"Fundi gani huyo mwenye redio?"

Godson alisimama mlangoni, bastola mkononi.

Aikande alirusha teke. Bastola iliruka, ikatumbukia kwenye sufuria la uji. Kiwiko kimoja, na meneja akala sakafu.

"Uji wangu!" alifoka Mwamini.

Pingu zikalia.

Nusu saa baadaye redio ikaita. "Kunguru, pembe nne. Watu wawili chini ya ulinzi."

"Kazi safi," Mkuu aliingilia.

"Si safi, Mkuu. Moloimet hana kosa. Saa niliikosea mimi."



"Ataachiwa. Sababu haitajwi. Wewe hujulikani, Kunguru. Rudi Arusha."

Badala ya kujibu, Aikande alikipigia simu kituo cha Wasso. Wakamwita Moloimet.

"Mzee Moloimet, ni mimi niliyekufunga. Nilikosea. Unatoka leo."



"Mwanangu alivumilia kisu," alisema Moloimet. "Hakupepesa jicho. Lakini wenzake walimwimbia kwamba baba yake ni mwizi. Hapo ndipo alipolia."

"Nifanye nini, mzee?"

"Mimi nikisema sikuiba, ni mdomo wa mwizi. Njoo useme wewe. Mbele ya rika langu, na mtoto akisikia."

Aikande akarudi kwenye redio. "Mkuu, naenda Wasso."

"Ukionyesha uso huko, huna kazi."

"Nimekusikia."

Askari wa lango walipofika, aliwakabidhi Godson na ile Motorola. Akamalizia chai yake akiwa amesimama, akamshukuru Mwamini, akatembea hadi kwenye gari bila haraka.

Karatu na Arusha vilikuwa nyuma yake. Akashika vumbi la Wasso, akijaribu kwa sauti, peke yake, maneno atakayomwambia yule mtoto.

Hayakutoka vizuri. Akayaanza upya.