Viazi Vilivyofunikwa Usiku

Kach!

Sauti ilitoka karibu na mlango, gizani, kabla jogoo hajawika. Ikupa alikuwa akichota maji, na kata yake ilikuwa imegonga kitu kigumu ndani ya ndoo. Alipapasa kwa vidole. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba kama kioo cha taa, wa baridi ya kuuma.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Viazi!"

Hakungoja kuwasha moto. Alimfunga mgongoni mwanawe mdogo, Asukile, akateremka bondeni. Binti yake Marta, mwenye miaka minane, alimfuata huku meno yakigongana.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1975, katika milima ya Uporoto, juu ya Mbeya. Mwaka uliopita njaa ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba. Unga wa njano wa msaada ulikuwa umekwisha. Baba yao, Eliezeri, alikuwa mbali kwenye kazi ya reli mpya. Shingo ya Asukile ilikuwa imebaki nyembamba, na kilio chake kilikuwa kimepungua. Kilio hicho kidogo kilimtisha Ikupa kuliko kilio kikubwa. Tumaini lao lilikuwa matuta thelathini ya viazi kule bondeni. Hayo ndiyo yangewavusha mpaka mahindi mapya.

Kulipopambazuka, bonde zima lilikuwa jeupe kama limemwagiwa unga. Kisha jua likachomoza. Weupe ukayeyuka. Majani ya viazi yakalegea, yakawa meusi, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Matuta ishirini ya chini yalikuwa yamekufa yote. Kumi ya juu, penye mwinuko, yalikuwa yameungua ncha tu.

Ikupa alikaa chini, palepale kwenye udongo.

Mama mkwe wake alifika akitweta. Alitazama, kisha akanyoosha fimbo upande wa pili wa mfereji. Huko kulikuwa na viazi vya jirani yao, Ezekia. Vilikuwa kijani kibichi.

"Umeona?" alisema. "Moto umepita kwako, kwake umeruka! Huo ni moto gani wenye kuchagua?"

"Mama, tusiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Kila jioni namwona mtu mzima anafunika viazi kwa majani makavu. Anaficha nini usiku? Sisi hapa tunafunika mchana, jua lisiunguze. Jioni tunafunua, viazi vinywe umande. Ndivyo tulivyofundishwa. Yeye kafundishwa na nani?"

Kweli, kila siku Ikupa alifanya hivyo: asubuhi kufunika, jioni kufunua. Mgongo ulimuuma kwa kazi hiyo. Aliinuka, akavuka mfereji.

Ezekia alikuwa akiondoa majani makavu juu ya matuta yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti la zamani la kazi. Miaka kumi na miwili alikuwa akisoma vipimo vya hali ya hewa mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Marta. Umekuja kuniuliza dawa niliyotumia?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Nasikia naitwa mchawi. Mchawi gani huyu anayekata nyasi mpaka viganja vinachubuka?"

Ikupa aliona haya. "Baba, nimekuja kuuliza tu. Viazi vyangu vimekufa. Watoto wangu watakula nini?"

Ezekia aliacha kucheka.

"Keti, mwanangu. Jana usiku ulitazama mbinguni?"

"Nilitazama. Nyota tele, hakuna wingu hata moja. Nikasema afadhali, kumetulia."

"Hapo ndipo penye hatari. Sikiliza. Mchana mwanga wa jua unapita hewani, unafika kwenye udongo, udongo unapata joto. Usiku udongo unalirudisha joto lile juu. Hulioni kwa macho, lakini linapanda."

"Linakwenda wapi?"

"Mbali, huko angani. Ila njiani kuna walinzi. Hewani umo mvuke wa maji. Imo pia hewa ya ukaa, ile inayotoka motoni na kwenye pumzi zetu. Vitu hivyo vinauacha mwanga wa jua ushuke, lakini joto linalopanda vinalikamata, na sehemu yake vinaturudishia. Mawingu pia hufanya hivyo. Ndiyo maana usiku wa mawingu huwa na joto zaidi."

"Na usiku wa nyota?"

"Wakati huu wa kiangazi hewa ya huku ni kavu. Mvuke ni kidogo, wingu hakuna. Joto linaponyoka. Hewa ya baridi nayo ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Umande unaganda. Hiyo ndiyo sakitu. Ndiyo iliyoua viazi vyako, si mtu."

Ikupa alifikiri. "Basi kama hewani pasingekuwa na walinzi hao kabisa?"

"Dunia nzima ingekuwa kama bonde lako leo."

"Na wakizidi?"

Ezekia alikwangua udongo kwa kidole. "Hilo nalo wataalamu wanaliogopa. Viwanda vinachoma makaa, watu wanachoma misitu. Hewa ya ukaa inaongezeka. Wanasema huenda siku zijazo dunia ikapata joto kupita kiasi. Lakini wewe shida yako ni ya leo. Funika jioni, kabla udongo haujapoa, nyasi zilishike joto lake kama wingu. Funua asubuhi jua likishapanda."

"Ndaga fijo, baba. Asante sana."

Mchana kutwa Ikupa na Marta walikata nyasi kavu. Jioni walianza kufunika matuta kumi yaliyobaki. Mama mkwe alisimama kando, fimbo mkononi.

"Unavinyima umande!"

"Umande ndio ulioganda, mama. Vikifa, nitakuwa nimekosea mimi."

Mama mkwe alimtazama Asukile, aliyelala mgongoni kwa mama yake, kichwa kikining'inia. Kisha aliweka fimbo chini, akachukua fungu la nyasi.

Usiku nyota zilijaa tena. Ikupa hakupata usingizi.

Asubuhi bonde lilikuwa jeupe. Matuta ishirini yaliyokufa yalikuwa yamelala pale kama makaburi madogo, na hayo hakuna wa kuyafufua. Jua lilipopanda kidogo, Ikupa alishika nyasi za tuta la kwanza. Alifunua.

Majani yalikuwa kijani.

Alifunua la pili. La tatu. Mama mkwe alikuja nyuma yake, akiyagusa majani moja moja. Matuta kumi hayangewatosha watu wanne, lakini Asukile angeonja viazi vya nyumbani.

Marta alichuchumaa, akapitisha mkono wake chini ya nyasi za tuta la mwisho.

"Mama, huku chini kuna joto."