Opondo na Kadi za Wachezaji

Majirani zangu wa mtaa wa Lindi, mnaoikumbuka Radi FC ya mwaka wa tisini na sita, mnajua Jumamosi zetu zilivyokuwa. Jezi za kijani zimeanikwa kambani, watoto wanaimba majina ya wachezaji, na Opondo, mwenyekiti wa klabu, anasalimia mlango kwa mlango. Alikuwa mtu mwema, tena mcheshi. Ila kadi za wachezaji wote alizifungia mkobani mwake, na bila kadi refa haruhusu mtu kucheza. Alipenda timu nzima imngoje yeye. Nasi tulimchekea, tukasahau kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua.

Jumamosi moja tulikuwa na mechi ya mwisho wa msimu, ugenini Kawangware. Nahodha wetu Khaemba, fundi wa mawe mwenye miaka thelathini na mitatu, alikuwa anastaafu siku hiyo. Baba yake, Mzee Phanuel, alikuwa ametoka Bungoma kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Tulimtafutia kiti kivulini. Saa nane ikafika, Opondo hayupo. Refa alingoja nusu saa, akawapa wenyeji ushindi. Kumbe mwenyekiti wetu alikuwa mtaa wa Olympic, akisubiri kusalimiana na diwani ambaye hata hakutokea.

Alipofika, aliona nyuso zetu akaingiwa na hofu.

"Si Khaemba aliniambia mechi ni saa kumi!"

"Mimi, chairman?" Khaemba akauliza. "Mimi nilisema hivyo?"

Tukamzomea Khaemba. Aliyeanza kuzomea ni mimi, Mungu anisamehe. Mzee Phanuel aliinuka, akatembea mbele ya mwanawe hadi nyumbani.

Jioni hiyo Celine, mke wa Opondo, hakula. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia alivyomwambia mumewe.

"Baba Billy, Khaemba alisimama hapa mlangoni Ijumaa nikikaanga omena. Alisema saa nane. Nilisikia."

"Sasa unataka niaibike mbele ya hao vijana?"

"Wewe aibu yako itaisha. Lakini huyo mzee akipanda basi kesho, ataenda na uongo wako hadi Bungoma."

Asubuhi Opondo alituita sote mlangoni kwa Khaemba. Mzee alikuwa ameshafunga mizigo. Opondo alimgeukia.

"Mzee, kijana wako hana kosa. Aliniambia saa nane. Mimi ndiye nilichelewa, na mimi ndiye nilidanganya."

Mzee Phanuel aliketi juu ya mzigo wake.

"Aliniambia hivyo hivyo jana," akasema polepole. "Nikamjibu kwamba mtu mkubwa hawezi kudanganya mbele za watu. Nilimwita mwanangu mwongo."

Akamshika Khaemba mkono, machozi yakamtoka. Sote tulilia. Opondo aligawa kadi, kila mchezaji akabaki na yake. Lakini mechi haikurudiwa, na mzee hakumwona mwanawe akicheza hadi alipofariki.

FUNZO

Kuchelewa ni kosa, na kosa husameheka. Lakini kiongozi anayemtwika mdogo wake kosa lake humnyang'anya hata imani ya baba mzazi. Ukikabidhiwa klabu, kanisa au chama, sema "ni mimi" papo hapo, kabla mwingine hajaumia. Nasi tunaoongozwa tusiamini cheo kuliko mtu tunayemjua. Mimi nilimjua Khaemba miaka tisa, na bado nilimzomea.