Mume wa Klaudia

Saa tatu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, gunia la dagaa lilipasuka katika soko kuu la Bukoba, na dagaa wakamwagika juu ya viatu vya Kokuhirwa. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Dagaa walinata kwenye viatu na kwenye pindo la sketi yake nyeusi ya mahakamani.

Mwenye gunia, mwanaume mrefu aliyevaa koti la mvua la njano na kandambili, aliinama kuwaokota.

"Samahani, dada. Wamekupenda kabla yangu."

"Naingia mahakamani sasa hivi na harufu hii. Nitamwambia nini hakimu?"

"Mwambie umekuja na mashahidi."

Kokuhirwa hakukusudia kucheka, lakini alicheka.

"Kumbe wewe ni wakili?"

"Ndiyo. Shirika letu linawatetea wasio na uwezo."

Yule mwanaume aliacha kuokota. "Basi usiondoke, dada. Nina watu."

Aliitwa Limbu, Msukuma aliyepanga chumba mtaa wa Kashai, akinunua dagaa visiwani Muleba na kuwauza mjini. Watu wake walikuwa familia ya Warundi: mume, mke aliyeitwa Klaudia, na binti yao mdogo. Walikuwa wamekimbia kwao, wakavuka mpaka kwa miguu, kisha wakafika kisiwani kwa mtumbwi wa wavuvi. Mume alikamatwa kwa kuingia nchini bila kibali, kabla hajapata nafasi ya kuomba hifadhi. Klaudia na mtoto walilala katika ghala la Limbu hukohuko kisiwani, na Klaudia alikuwa akilalamika tumbo.

Kokuhirwa aliichukua kesi. Siku Limbu alipofika ofisini, alimpa sharti.

"Usinidanganye. Na jambo ambalo sitaweza kulisema mbele ya afisa wa uhamiaji, usiniambie kabisa. Nikilijua nitaulizwa, na nikiulizwa sisemi uongo."

"Hata likiwa kwamba nimekupenda?"

"Hilo linasemeka mbele ya afisa."

"Basi niitie afisa."

Kufikia Mei walikuwa wapenzi. Shirika lililipia gharama za kesi, Limbu alilipia dawa za Klaudia, na jioni walipigiana simu. Kisiwani mtandao ulipatikana juu ya jabali moja tu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Jabalini. Nyuma yangu kuna watu wanasubiri zamu."

"Basi sema haraka."

"Nakupenda. Nimemaliza. Sasa wananicheka."

"Na mimi nakupenda, Msukuma wangu. Waambie hivyo."

"Wamesikia. Hapa hakuna siri."

Nyumbani kwao Kokuhirwa, kijijini Kishanda, baba yake alikubali kumpokea Limbu mwezi wa Agosti aje ajitambulishe. Aliuliza swali moja tu: hana mke mwingine? Wafanyabiashara wa visiwani walisemwa kuwa na mke katika kila mwalo mitumbwi inapotia nanga. Kokuhirwa alijibu hana. Shangazi Eufrazia, dada wa baba, ambaye kwa desturi ndiye mwenye kazi ya kumchunguza mchumba, aliitazama picha ya Limbu kwenye simu, akasema atajionea mwenyewe.

Mwishoni mwa Julai utumbo wa Klaudia ulijisokota. Limbu aliuza mashine ya mtumbwi wake ili apate fedha za hospitali, akakodi boti, kisha gari, akamfikisha Bukoba akiwa amepoteza fahamu. Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi shangazi Eufrazia na akina mama wenzake wa kanisa la Kilutheri walipita wodini kuwaombea wagonjwa. Walikuwa katikati ya sala muuguzi alipochungulia mlangoni.

"Mume wa Klaudia yupo? Daktari anataka idhini ya upasuaji."

Limbu alisimama, mtoto akiwa amelala begani mwake.

"Nipo."

Shangazi alimtambua kwa ile picha, hakungoja amina. Alitoka kibarazani akampigia Kokuhirwa. Naye Kokuhirwa akampigia Limbu.

"Klaudia ni nani kwako?"

Kokuhirwa alisikia magurudumu ya kitanda yakipita.

"Uliniambia kuna mambo nisikuambie," Limbu alisema.

"Sasa anakuuliza mpenzi wako, si wakili."

"Koku, masikio ni yaleyale."

"Jibu ndiyo au hapana. Umelala naye? Mke wa mtu ninayemtetea, amefungwa, na wewe unaitikia kwamba ni mkeo?"

"Siwezi kujibu. Niamini."

"Kuamini si kazi yangu," alisema, akakata.

Jioni hiyo, Kishanda, baba yake aliwaambia ndugu kwamba mgeni wa Agosti hatakuja. Ana mke na mtoto.

Klaudia alifanyiwa upasuaji siku ileile, akafariki Jumamosi. Kokuhirwa aliomba kibali, na Jumatatu mumewe aliletwa makaburini chini ya ulinzi, amevaa shati la kuazima lililombana mabegani. Limbu alisimama mbali, amembeba mtoto. Kokuhirwa hakumtazama.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, yule mfungwa aliomba kusema na wakili wake faragha. Askari walirudi nyuma hatua chache.

"Unamchukia Limbu bure, wakili. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Umemtuma nini?"

"Alikuja kuniona gerezani. Klaudia alikuwa hawezi tena kula. Akaniuliza, daktari akimtaka mume, nifanye nini? Nikamwambia simama badala yangu. Sema wewe ndiye mimi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu ombi langu la hifadhi bado halijasikilizwa. Alisema ukijua, utaulizwa."

Kokuhirwa aliyapima maneno hayo kama alivyopima kila ushahidi, akayaona yanashikamana. Kisha akaona upande wa pili. Siri ilikuwa ya mteja wake. Kamati ya kusikiliza maombi ya hifadhi ikijua kwamba familia ile ilimtumia mume wa uongo hospitalini, ingetilia shaka kila kitu kingine walichosema, na mtu yule angerudishwa alikotoka. Asingeweza kumwambia baba yake. Wala shangazi.

Alimkuta Limbu Kashai, akimkorogea mtoto uji.

"Ameniambia," alisema.

"Sasa una mzigo. Sikutaka uubebe wewe."

"Nisamehe, mpenzi."

"Uliuliza swali la haki. Kaa, uji unatosha."

Alikaa. "Siwezi kulisafisha jina lako nyumbani. Si sasa. Wakilikataa ombi lake, labda kamwe."

"Najua."

"Na mashine umeuza."

"Nimebaki na mtumbwi. Bila mashine ni kitanda kizuri sana." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Tafuta Mhaya mwenye kibanja cha migomba, Koku. Sitakulaumu."

"Jumamosi twende Kishanda."

"Tukaseme nini?"

"Hatusemi kitu. Vaa shati jeupe."

Walifika alasiri, mvua ikidondoka kwenye migomba ya kibanjani. Kokuhirwa alivaa gauni la kitenge cha bluu, Limbu shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Baba hakutoka chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo na miguu yake ilionekana, imetulia sakafuni.

Shangazi Eufrazia alikuja na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni akiingia nyumbani. Kumnyima mtu kahawa hiyo ni kumwambia kwamba hakuonekana. Alimpa Kokuhirwa, akafunika kikapu.

"Shangazi, tuko wawili."

"Nimemwona mmoja."

"Shangazi, waitu, tafadhali."

"Nilimsikia kwa masikio yangu, mwanangu. Waliita mume wa Klaudia, akasema nipo."

"Ulisikia vizuri."

"Basi niambie nilikosea wapi, nikaombe radhi mbele ya baba yako. Niambie, nakusihi."

Kokuhirwa alimtazama. Limbu aliinamisha kichwa.

"Sina la kukuambia, shangazi. Ila ndiye huyu nitakayeolewa naye."

Alikifungua kiganja chake, akaigawa kahawa yake, akaweka nusu mkononi mwa Limbu. Chumbani miguu ilisogea. Mlango ukafungwa.

Limbu alitia kahawa mdomoni akaitafuna.