Niliiga Sahihi ya Mume Wangu Tusilipe Kodi ya Nyumba

Nina miaka hamsini na mbili, mama wa mabinti watatu, na ninaishi katika chumba na sebule vya kupanga huku Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa na nyumba yangu Kibenga, ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, dirisha la jikoni likitazama ziwa. Leo anapika humo mwanamke mwingine, na aliyesababisha ni mimi. Sijaandika haya mnionee huruma, wasomaji wenzangu. Huruma wapeni wajinga. Mimi nilikuwa mjanja… na mjanja wa aina yangu hastahili hata pole.

Mume wangu, Baba Alina, ni mtunza stoo katika ghala moja la eneo la viwanda, karibu na bandari. Nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, saruji mfuko kwa mfuko, akienda kazini kwa miguu ili nauli iwe misumari. Ni mtu wa maneno machache. Nakiri kwamba nilimdharau kwa hilo. Niliona mwanamume asiyejua kujipenyeza popote ni wa kusukumwa tu.

Vita vilipotukaribia, bomu liling'oa mabati ya vyumba viwili vya nyuma. Hatukuwemo, Mungu ashukuriwe. Tulifunga nyumba, tukakimbilia Buyenzi. Kisha, katikati ya balaa lile, ikaja kutoka serikalini karatasi ya kodi ya nyumba… kwa vyumba vyote sita! Baraza nalo wamelihesabu, hata banda la kuku. Hivi kuku wangu walikuwa wapangaji?

Baba Alina alikuwa hapewi ruhusa kazini, akaniomba niende ofisi ya kodi kuuliza. Dirishani nilimkuta dada mmoja mwembamba, mwenye mafua, aliyenieleza vizuri kuliko nilivyotaka kuelezwa. Alisema kodi hufuata ukubwa wa nyumba iliyoezekwa. Vyumba visivyo na paa visingelipiwa, na banda la kuku lingeondolewa. Niandike barua ya kulalamika, shefu wa katiye, yaani mkuu wa mtaa wetu, athibitishe kwamba bomu limetuharibia, kisha wangemtuma mtu na futi apime upya. "Na upimaji usifanyike kama hauko pale, mama," akaniambia, akipenga kamasi. Shughuli yote ilikuwa ya wiki nne hivi.

Ulikuwa ushauri wa bure, wa kweli, na ungetutosha kabisa. Mimi nikauona wa kipumbavu. Nilipita kando ya foleni ya wazee waliokuja na bahasha zao, nikawacheka moyoni. Wiki nne kwa ajili ya vyumba viwili na kuku! Mimi nina kaka mjini.

Naam, Fideli. Kaka yangu wa tumbo moja. Mnawajua watu wa namna yake… miwani ya jua hata sebuleni, dosiye kwapani isiyo na karatasi hata moja ndani, na kila mkubwa wa mji huu ni rafiki yake. Kazi yake hakuna aliyeijua. Ukimuuliza, anakwambia kuna mambo anayashughulikia.

Nilipomsimulia, alicheka. "Dada, we uko na akili ya wapi? Unaenda kuomba wapunguze vyumba mbili, na mi naweza kuitoa yote? Mutu mwenye nyumba yake ilianguka, na parseli akaiacha, nani atamulipisha?"

Mpango wake ulikuwa huu. Tuandike kwamba nyumba yote ni gofu, na kwamba mwenyewe amekimbia vita na kiwanja hakitaki tena. Amani ikirudi, tunaichana karatasi. Nilimuuliza kama hakuna hatari. "Apana, dada. Ni karatasi tu. Mi niko pale."

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini. "Mama Alina, ile nyumba iko imesimama. Siwezi kuandika kama ilianguka. Rudia kwa ule dada, wakuje wapime." Sidhani kama mwaka ule alisema maneno mengi zaidi ya hayo kwa mara moja. Nilimjibu kwamba watu kama yeye ndio wanaolipia kuku. Aliendelea kula, nami nikadhani nimemshinda.

Siku mbili baadaye Fideli alileta karatasi. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume wangu, kwa hiyo sahihi ilitakiwa iwe yake. Nilitoa kadi yake ya zamani ya kazi, nikaiweka mezani, nikafanya mazoezi pembeni mwa gazeti mara nne au tano. Sahihi yake ni ya mtu aliyeishia darasa la sita: jina zima, herufi kwa herufi, na mstari chini yake. Niliiiga vizuri ajabu. Nilijisifu hata! Fideli aliupuliza wino ukakauka, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka nayo.

Kodi haikuja tena. Baba Alina alipouliza, nilimwambia yule dada wa dirishani alitusaidia. Nilikuwa namdanganya mtu mwaminifu huku nikimpakulia ugali, na nilijiona mwanamke wa maana.

Ilipita zaidi ya mwaka. Milio ya risasi ilipopungua upande wa kusini, tukaenda Kibenga Jumamosi moja tukiwa na ufunguo na ufagio. Ufunguo haukuingia. Geti lilikuwa jipya, na vyumba vya nyuma vilikuwa vimeezekwa mabati yanayong'aa. Mwanamke mmoja alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge, akatuuliza kwa heshima tunamtafuta nani.

"Bwana yangu alinunua hii parseli," alituambia. "Karatasi ziko zote. Walisema mwenyewe alikimbia."

"Mwenyewe ni mi," mume wangu akasema. Kisha akamwomba maji ya kunywa.

Fideli alikuwa ameichukua ile karatasi yangu, akakiomba kiwanja kama kisicho na mtu, akakipata kwa jina lake, akakiuza na nyumba juu yake! Damu yangu hiyo. Na mimi ndiye niliyemkalisha kiti na kumpa kalamu.

Mume wangu alishtaki, na shauri lilisikilizwa mtaa wa Kigobe, katika ofisi ya serikali inayoamua migogoro ya viwanja. Mlangoni Fideli aliniinamia sikioni. "Ukifungua kinywa, ni we utafungwa. Mukono ni wako." Kisha akaenda kukaa upande wa wanunuzi, akamsalimu mume wangu kwa kumwita shemeji. Hata aibu ya kuangalia pembeni hakuwa nayo.

Afisa alimsogezea mume wangu karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Alimwambia wazi kwamba kama sahihi si yake, aseme, na karatasi itakufa pale pale, na nyumba itarudi kwake. Lakini aliyeighushi ataondoka na yule polisi aliyesimama nje.

Baba Alina aliitazama. Jina lake zima, herufi kwa herufi, na mstari chini yake. Kisha akanitazama mimi… Nilijua kwamba amejua. Hapo ndipo ningesema, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Mimi, niliyekuwa na ulimi kwa kila mtu, nilitazama sakafu.

"Ni yangu," akasema.

Afisa akamuuliza kama ana hakika.

"Ni mi nilisinya hii karatasi."

Nyumba ikaondoka hivyo, kabla ya saa sita mchana. Nje nilianza kulia, nikamwambia anipige, anitukane, anirudishe kwetu. Alisema tutafute kwanza kitu cha kula. Mpaka leo hajawahi kulitaja jambo hilo, hata tunapogombana. Fideli alihama mji, na simtafuti. Ningempata ningemwambia nini, wakati mwizi aliyeshika kalamu ni mimi?

Wenzangu wenye nyumba, kama kodi yenu imezidi, bishaneni nayo mchana kweupe. Andikeni barua, waje wapime, nanyi msimame pale mkiangalia futi inapoanzia na inapoishia. Anayewaambia anaweza kuifuta yote, mfukuzeni, hata kama mlinyonya titi moja. Na kabla hujaiga mwandiko wa mtu wako, nakuomba ufikirie siku atakayosogezewa karatasi hiyo na kuulizwa. Wangu aliwekewa mbele nyumba ya miaka kumi na mmoja, na mwanamke kama mimi. Mimi ningechagua nyumba.