Kaptura Iliyopunguzwa Mara Nne

Jamani, nawaomba mnitegee sikio kidogo, hasa ninyi mlio na watoto wepesi wa miguu.

Katika nyumba ya fundi cherehani, jioni zilikuwa za raha. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka: cherehani karibu na dirisha, pasi mezani, vitambaa vimening'inia ukutani. Fundi alishona, na binti yake wa miaka kumi na minne alikaa sakafuni akishikiza vifungo. Mama alikuwa amefariki zamani. Walikuwa wawili tu, na walitoshelezana. Jua likipoa, msichana wa jirani, aliyeitwa Kasuku kwa kutofunga mdomo, alichungulia dirishani.

"Shikamoo baba fundi! Tunamwomba Kishada, kamba haina mshikaji."

"Marahaba. Mchukue, lakini umrudishe mzima."

"Mzima, ila masikio yatakuwa yamejaa!"

Kishada ni jina alilopewa binti huyo mtaani kwa wepesi wake. Alishika ncha moja ya kamba, Kasuku akashika ya pili, wenzao wakaruka hadi giza likawatawanya.

Siku ya michezo shuleni, Kishada alishinda mbio za mita elfu tatu. Alikimbia huku anacheka, akawaacha hata wasichana wa madarasa ya juu. Wiki hiyohiyo mwalimu wa mbio akabisha hodi.

"Fundi, una dhahabu ndani halafu unaishikizisha vifungo," alisema. "Mwakani kuna mchujo wa timu ya taifa ya vijana. Nipe mwaka mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Alfajiri na jioni. Na chakula kipungue. Mkimbiaji mzito ni kama aliyebeba mkoba njia nzima."

Fundi hakujua lolote kuhusu mbio. Ila kuanzia siku hiyo, watu waliokuwa wakipita dukani bila kugeuza shingo walianza kumsalimu, "Baba Bingwa, habari za asubuhi?" Maneno hayo yalimwingia vizuri kuliko uji wa moto.

Basi Kishada akawa wa barabarani. Alikimbia alfajiri kando ya maghala, mwalimu akimfuata kwa pikipiki, saa mkononi. Hakuna aliyeongea naye ila sauti ile ya nyuma: "Ongeza! Ongeza!" Jioni Kasuku alipochungulia dirishani, fundi alimjibu, "Yuko mazoezini." Siku nyingine, "Amelala." Siku nyingine, "Hana nafasi, mwanangu." Mwishowe Kasuku akaacha kuja.

Jioni moja akitoka mazoezini, Kishada aliwaona wenzake wakiruka. Kasuku alikuwa ameshika ncha moja ya kamba. Ya pili walikuwa wameifunga kwenye nguzo ya umeme. Alisimama kidogo ng'ambo ya barabara, akaitazama ile nguzo, kisha akaenda zake nyumbani. Kumbe nafasi yake ilikuwa imeshajazwa.

Alikimbia na kaptura nyekundu aliyoshonewa na baba yake. Miezi miwili ikapita, ikaanza kumshuka kiunoni. Fundi akaipunguza. Ikashuka tena, akaipunguza tena, pini mdomoni, uso umejaa fahari.

"Unaona? Sasa unakuwa mkimbiaji kweli."

Kishada alitabasamu, ingawa alikuwa na njaa tangu asubuhi.

Ndugu msomaji, fundi huyu ndiye aliyeshona sare za watoto wa mtaa mzima. Kila mwanzo wa mwaka wa shule aliacha pindo pana kwa ndani, ili mtoto akikua nguo iachiwe. Kwa watoto wa wenzake hakuwahi kukosea.

Mwezi wa tano wa mazoezi, siku za mwezi za Kishada zilikoma. Angemwambia nani? Baba angeinamisha macho. Mwalimu angetazama saa. Akafunga kamba za viatu, akaenda mazoezini. Kisha mfupa wa mguu ukaanza kumuuma, kwanza akikimbia, halafu hata akiwa amelala. Hilo alilisema, mchujo ukiwa umekaribia.

"Wote wanaumia," mwalimu alimjibu.

"Vumilia, mama," baba yake alimbembeleza. "Zimebaki wiki tatu tu."

Siku ya mchujo, katika mzunguko wa tano, mguu ulikataa. Kishada alianguka kwenye vumbi, na waliobaki wakampita mmoja baada ya mwingine. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa muda mrefu. Mwili ulinyimwa chakula ukaanza kujila wenyewe. Mwaka mzima asikimbie. Baada ya hapo, wataona. Mwalimu alikuja kumjulia hali mara moja. Wiki iliyofuata, pikipiki yake ilionekana nyuma ya msichana mwingine.

Shangazi, dada mkubwa wa fundi, alikuja kumuuguza. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za wagonjwa hospitalini. Alimkuta mdogo wake akilaumu viatu, akilaumu uwanja, akimlaumu mwalimu. Alifua ile kaptura yenye vumbi, akaigeuza ndani nje ili aianike, kisha akaingia nayo dukani ikichuruzika maji.

"Mdogo wangu, hesabu hii mishono."

"Dada, hayo ni mambo ya riadha..."

"Sikuulizi riadha. Nakuuliza ushonaji. Lini uliletewa nguo ya mtoto anayekua, ukaipunguza mara nne?"

Fundi alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kidole kikasimama. Alitazama mlango wa chumba alikolala binti yake, akakaa kwenye kiti chake bila kukanyaga cherehani.

Siku hiyo ndipo Kishada alipomweleza shangazi yote, kichwa mapajani mwake, akilia hadi kanga ikalowa.

Jioni yake fundi alitoka nje, akawaendea wasichana pale kwenye nguzo.

"Kasuku mwanangu, Kishada anaomba mchezo."

"Si ulisema hana nafasi, baba fundi?"

"Nilisema. Nilikosea."

Kasuku aliifungua kamba kutoka kwenye nguzo. Fundi akamtoa binti yake na kiti, mguu umefungwa plasta, na Kasuku akamwekea ile ncha mkononi. Kamba ikazunguka. Wa kwanza kuruka alijikwaa, na Kishada akacheka, kicheko kidogo chenye kutu.

Dirishani, fundi alichukua wembe, akaanza kufumua mshono wa nne.

FUNZO

Kipaji cha mtoto kinakaa ndani ya mwili wa mtoto, na mwili huo bado unajengwa. Tusimdai akiwa na miaka kumi na minne mbio za mtu mzima. Mtoto akisema anaumwa, tusimame. Akikonda, tusimpigie makofi. Wasichana wawe na mtu mzima wa kumweleza mambo ya miili yao bila aibu. Na mtoto akiitwa dirishani na mwenzake kucheza, tumruhusu aende, maana bingwa asiye na rafiki hukimbia peke yake hata uwanja ukijaa watu. Naamini tunaweza. Tuanze jioni ya leo.